Sura ya Sita: Ngozi Hunywa

Wengi wetu tuliijua bunduki ya wenzo kwenye sinema za kauboi kabla hatujajua Marekani iko upande gani wa ramani. Chini ya shingo ya kitako kuna kitanzi cha chuma, na vidole vitatu vya mkono wa kulia hupita ndani yake. Ukikisukuma kitanzi chini na mbele, ganda tupu huruka nje. Ukikirudisha, risasi nyingine huingia mahali pake. Kwenye sinema tendo hilo ni la kufumba na kufumbua, na shujaa haonekani kuumia.

Mkono halisi huumia. Jaribu mwenyewe kusukuma ukingo wa meza kwa mgongo wa vidole, pale juu ya vifundo. Hapo hapana nyama, ni mfupa na ngozi nyembamba tu. Kitanzi cha wenzo nacho ni chuma chenye kingo. Risasi kumi za kwanza hutahisi lolote. Ukifika hamsini, ngozi imeshakuwa nyekundu. Ukifika mia, utaanza kutazama huku na huku ukitafuta kitambaa.

Bunduki ya wenzo iitwayo Winchester ya mwaka 1894 ilibuniwa na John Moses Browning wa mji wa Ogden, Utah, ikatengenezwa New Haven, Connecticut, na hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 7. Ndugu yake ya mwaka 1895 ilifika hata kwetu: Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuanza safari yake ya uwindaji, alikuwa nayo mzigoni, ya risasi ya .405, na aliisifu sana kwa simba. Bunduki hizo zilisifiwa kwa wepesi na kwa kutokukwama. Vidole vya mwenye kuzitumia havikuwa kwenye hesabu ya kiwanda. Dawa ya vidole ilipatikana nyumbani, kwenye meza ya mwenye bunduki: ukanda mwembamba wa ngozi, ukazungushwa kwenye kitanzi mpaka chuma kikapotea. Leo Marekani, kwenye mashindano ya walenga shabaha wanaovaa kama kauboi na kupiga risasi kumi kwa sekunde chache, ukanda huo ni jambo la kawaida kama kofia.

Mimi si mwindaji. Nimefika kwenye bunduki kwa njia ya ngozi, na ninachotaka kusema katika sura hii ni kifupi. Kila jema na kila baya ambalo ngozi hulifanyia bunduki linatoka kwenye tabia yake moja: ngozi hunywa. Hunywa jasho, kwa hiyo mkono hautelezi. Hunywa maji, kwa hiyo inavutika na kukaa unavyotaka. Na kwa sababu hunywa na haisahau, inaweza kukaa na unyevu juu ya chuma chako miezi mizima bila wewe kujua.

Mitutu ya moto

Kabla ya vidole vya kauboi kulikuwa na viganja vya askari. Mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilipokea bunduki ya Martini-Henry, yenye kupiga risasi moja moja. Risasi yake ilikuwa donge la madini ya risasi la gramu 31, likisukumwa na gramu tano na nusu za baruti nyeusi. Mbao ya mbele ilifunika mtutu upande wa chini tu. Upande wa juu ulikuwa wazi. Kwa mtu anayepiga risasi moja kila baada ya dakika kadhaa, haikuwa shida. Kwa mtu anayepiga mfululizo, mtutu uligeuka pasi.

Tarehe 22 Januari 1879, mpakani mwa Natal na nchi ya Wazulu, watetezi wapatao 150 walizingirwa kwenye kituo cha Rorke's Drift na Wazulu zaidi ya 3,000. Mapigano yalianza alasiri yakaendelea mpaka usiku wa manane. Masimulizi ya usiku ule yanazungumzia mitutu iliyopata moto hadi kuunguza mikono ya wenye kuishika. Askari wazoefu wa vita vile walikuwa na dawa waliyoijua: kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe kililoweshwa, kikashonwa kuzunguka mtutu na mbao yake, kikaachwa kikauke. Baadaye jeshi lenyewe likaanza kutoa kinga ya ngozi yenye kamba, ya kufungwa mahali pale pale.

Kwa hiyo katika vita hivyo pande zote mbili zilishika ngozi ya ng'ombe. Mzulu aliishika kwenye ngao, Mwingereza kwenye bunduki.

Ngozi inafaa kazi hiyo kwa sababu chuma hupitisha joto mara mamia zaidi kuliko inavyopitisha yenyewe. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya chuma cha alfajiri ya Montana kihisike kama barafu na chuma cha mchana wa Dodoma kihisike kama kaa la moto. Dhidi ya chuma, basi, ngozi ina ushindi wa wazi. Dhidi ya mbao habari ni nyingine, maana mbao nayo haipitishi joto kirahisi. Ngozi huishinda mbao kwa ulaini na kwa kiu. Mbao iliyopakwa vanishi hairudi nyuma unapoibana, na jasho hukaa juu yake kama tone juu ya kioo. Ngozi hubonyea kidogo chini ya kidole, kwa hiyo eneo linalogusana na mkono huongezeka. Na jasho linalotoka kiganjani huingia ndani yake badala ya kuwa utelezi kati ya mkono na kitako. Wenye viwanda hulitatua jambo hili kwa kuchonga michoro midogo ya almasi kwenye mbao. Michoro hiyo hushika vizuri, lakini huparuza, na ikishachakaa hairudi.

Kuwamba

Wahenga wa pwani walisema: ngozi ivute i maji. Kila mwamba ngoma anaijua maana yake kwa vidole vyake. Ngozi ya ngoma huwambwa ikiwa imelowa, huvutwa, hufungwa, kisha huachwa. Inapokauka husinyaa, na mvuto ambao hakuna mkono ungeweza kuutia unatiwa na kukauka kwenyewe.

Watu wa nyika za Amerika Kaskazini, Walakota, Wacheyenne, Wacrow na majirani zao, waliitumia kanuni hii kwenye bunduki kuliko mtu yeyote. Sehemu dhaifu kuliko zote kwenye bunduki ya mbao ni shingo ya kitako. Hapo mbao ni nyembamba ili mkono uweze kuizunguka, na hapo hapo ndipo nguvu ya kurudi kwa bunduki hupita. Farasi akijikwaa na bunduki ikaanguka, shingo ndiyo huvunjika. Kwenye nyika hapakuwa na fundi seremala wala gundi ya dukani. Kulikuwa na ngozi mbichi. Waliifunga juu ya ufa ikiwa imelowa, wakaishona kwa uzi wa kano za mnyama, wakaiacha. Ilipokauka ilikuwa ngumu kama pembe na imebana kama jiriwa. Makumbusho ya Marekani yana bunduki nyingi za namna hiyo, nyingine zikiwa zimepambwa juu yake kwa misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo. Mtazamaji wa haraka hudhani ngozi ile ni pambo kama ile misumari. Ukiitazama vizuri utaona ndiyo inayoishikilia bunduki isiwe vipande viwili.

Sime ya Mmasai ni somo hilo hilo karibu na nyumbani. Mpini wake ni mbao iliyovishwa ngozi, na ngozi ile ilishonwa ikiwa na maji, ikakaukia palepale. Jasho linapoingia, mpini haukimbii mkononi.

Ngozi ipi

Ngozi mbichi hufaa kuunga kilichovunjika. Kwa kushika haifai sana: ikikauka ni ngumu na kingo zake hukata, na ikilowa tena hulegea, ikateleza na kunuka. Kwa mkono unahitaji ngozi iliyosindikwa, na hapa kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya magome ya miti. Dawa iliyomo kwenye magome hushikamana na nyuzi za ngozi zikaacha kuoza, lakini haziachi kunywa. Kwetu gome linalojulikana ni la miwati, mti uliotoka Australia ukapandwa kwenye nyanda za juu za Kenya na huko Njombe. Gome lake huvuliwa, huchemshwa, na maji yake mekundu hukaushwa yakawa unga unaouzwa kwa wasindikaji wa ngozi. Njia ya pili ni ya chumvi za kromu. Ni ya haraka, na ngozi yake ni laini na haishtuki na maji. Viatu vingi tunavyovaa ni vya kromu.

Kwa kuvisha bunduki chagua ya magome. Kuitambua si kazi: itazame pale ilipokatwa. Ngozi ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au ya samawati katikati ya unene wake. Ya magome ni ya hudhurungi hadi ndani. Kisha dondoshea tone la maji. Kwenye ya magome tone huzama na kuacha doa jeusi. Hiyo ndiyo ngozi itakayokubali umbo unaloipa.

Kitanzi

Kwanza, bunduki iwe tupu. Fungua, tazama chemba, tia kidole, tazama tena, na risasi zikae chumba kingine. Kazi hii itakuweka na vidole karibu na kifyatulio kwa saa nzima, na saa nzima ni muda mrefu wa kusahau.

Pili, amua mahali ambapo ngozi haitafika. Kitanzi kina sehemu ya juu inayokutana na shingo ya kitako bunduki inapofungwa. Ukiivisha sehemu hiyo, wenzo hautafunga hadi mwisho, na bunduki isiyofungwa hadi mwisho ama haipigi, ama inapiga vibaya. Ngozi iende chini na mbele tu, pale mgongo wa vidole unaposukuma, na nyuma kidogo, pale vidole vinapovuta. Kifyatulio kiachwe na nafasi yake yote.

Sasa ukanda. Upana wa milimita 3 unatosha, unene wa milimita 1 na nusu hadi 2, na urefu wa mita 3 ili usije ukapungukiwa nusu njia. Uloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika chache mpaka uwe mlegevu kama tambi iliyoiva. Yasiwe maji ya moto. Ngozi mbichi yenye maji husinyaa moja kwa moja ikifika nyuzijoto 60 na kidogo. Ya magome huvumilia zaidi, lakini si sana, na ikishajikunja kwa moto hairudi tena.

Laza ncha ya ukanda juu ya chuma, kisha anza kuzungusha ukipita juu ya ncha hiyo, ili kila mzunguko uibane ile ya chini. Mizunguko ikae bega kwa bega, isipandane. Vuta kila mmoja kwa nguvu sawa. Ukifika kwenye kona, mizunguko ya upande wa nje itataka kuachana na ya ndani itataka kubanana. Isukume kwa ukucha ikae. Ikibaki mizunguko mitano, laza uzi uliokunjwa mara mbili juu ya chuma, zungusha mitano hiyo juu yake, pitisha mwisho wa ukanda kwenye kikunjo cha uzi, kisha vuta uzi. Ukanda utaingia chini ya mizunguko yake mwenyewe na hautahitaji fundo. Mvuvi yeyote aliyewahi kufunga ncha ya kamba isifumuke ataitambua mbinu hii.

Mara ya kwanza niliuzungusha ukanda ukiwa mkavu, kwa sababu nilikuwa na haraka. Ulionekana umebana vizuri sana. Baada ya wiki moja ulikuwa unazunguka kwenye kitanzi kama pete kwenye kidole cha mgonjwa.

Shingo

Kuvisha shingo ya kitako, au mbao ya mbele, ni kazi ya kushona. Mshono wake nilijifunza Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee anayevisha stelingi za magari. Stelingi na shingo ya bunduki ni ndugu: vyote ni vitu vya mviringo ambavyo mkono huvibana, hutoa jasho, huvibana tena.

Siku ya kwanza nilimletea ngozi niliyoipima vizuri, kingo zikakutana sawasawa. Akaizungusha kwenye stelingi, akanitazama.

"Mwanangu, hii umekata kubwa."

"Mzee, si inatosha kabisa?"

"Ndiyo maana ni kubwa. Inatosha leo. Kata isitoshe, halafu uilazimishe."

Ndiyo siri yenyewe. Zungushia shingo karatasi, weka alama, kisha punguza milimita 5 hivi kwenye upana. Ngozi iwe na unene wa milimita 1 na nusu hadi 2, na kingo zitakazokutana zipunguzwe unene kwa kisu kikali upande wa ndani. Toboa matundu milimita 3 kutoka ukingoni, umbali wa milimita 4 au 5 kati ya tundu na tundu, idadi sawa pande zote mbili. Uhesabu. Tundu moja likizidi upande mmoja, utaligundua mwishoni, na mwishoni hakuna dawa.

Paka mbao nta ili isinywe maji ya ngozi. Lowesha ngozi, ivishe, shona kwa sindano mbili butu zilizo kwenye ncha mbili za uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki. Kila sindano hutoka chini ya ukingo wake, huvuka pengo, huingia chini ya ukingo wa pili, na kila baada ya matundu mawili matatu unavuta nyuzi zote mbili kwa pamoja mpaka kingo zigusane. Hapa ndipo methali nyingine inapofanya kazi bila mafumbo: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mshonaji asiyejiangalia huvuta upande wake kuliko upande wa pili, na mshono ulioanza katikati ya shingo huishia umejipinda ubavuni kama mtambaazi. Mzee wa Gerezani aligeuza stelingi kila baada ya matundu kumi. Nilidhani anapumzisha mgongo.

Ukimaliza, sugua mshono kwa mgongo wa kijiko ulale. Kausha kivulini siku mbili. Jua hukausha upande wa nje kabla ya ndani, na ngozi hupasuka. Kisha paka mafuta kidogo. Wazungu hutumia mafuta yanayokamuliwa kwenye mifupa ya miguu ya ng'ombe, na hakuna kitu cha ajabu humo: ni mafuta yanayobaki laini hata penye baridi. Kidogo tu. Ngozi iliyolewa mafuta huwa legelege, na kazi yote ya kuvuta hupotea. Malizia na nta ya nyuki.

Deni la unyevu

Novemba 2014, kwenye hifadhi ya taifa ya Great Basin katika jimbo la Nevada, watumishi wa hifadhi waliikuta Winchester ya mwaka 1873 imeegemezwa kwenye mti wa mreteni. Kumbukumbu zilionyesha ilitengenezwa mwaka 1882. Hakuna aliyejua iliegemezwa lini. Mbao yake ilikuwa imekuwa ya kijivu na kupasuka, na chini ya kitako ilikuwa imezama udongoni, lakini bunduki ilikuwa bado bunduki. Jangwa lile ni kavu, na palipo pakavu chuma hudumu.

Ilaze bunduki hiyo hiyo ndani ya ala ya ngozi, katika nyumba ya Tanga iliyo hatua mia kutoka baharini, na hutahitaji kungoja miaka. Ngozi itakunywa chumvi ya hewa na ya mikono. Itabaki na tindikali kidogo ya magome yaliyoisindika. Itakaa na unyevu mahali ambapo upepo haupiti wala jicho halifiki. Kutu huanza hapo, kimya kimya. Ndiyo maana wenye silaha wazoefu hubeba bunduki kwenye ala ya ngozi lakini hawailazi humo. Hata maganda ya shaba yakikaa kwenye mkanda wa ngozi hutoa utando wa kijani, kwa sababu mafuta na tindikali za ngozi huila shaba.

Basi anayevisha chuma ngozi ajue amekopa, na deni hilo hulipwa kwa matunzo. Kabla ya kuvisha kitanzi, kisafishe, kipake nta, na ukiweza kizungushie utepe mwembamba ili ngozi isiguse chuma. Ikilowa kwa mvua, ikaushe siku hiyo hiyo, kivulini, kitanzi kikiwa wazi. Ngozi ya shingo iliyo juu ya mbao inaweza kukaa miaka. Ya kitanzi ifunguliwe kila mwaka.

Kwa wengi wanaosoma sura hii bunduki ni jambo la leseni, na hawatakuwa nayo kamwe. Mpini wa panga unao. Shoka unalo. Kata ngozi isitoshe, iloweshe, uivute.

Na ukifungua ukanda wa mwaka mzima, usiutupe kabla hujautazama. Upande wa nje umeng'aa kwa vidole. Upande wa ndani una mstari mweusi katikati, pale uliposhikana na chuma, na ukiuramba kwa ncha ya ulimi utahisi chumvi. Hilo ni jasho lako la mwaka jana. Kisha tazama chuma. Kama ni cheupe, ukanda umefanya kazi yake. Kama kuna alama za hudhurungi zinazokizunguka kitanzi kwa mpangilio ule ule uliouzungusha, sugua, paka mafuta, na uweke maji ya vuguvugu kwenye bakuli. Safari hii, usikimbilie.